Ni Moto au ni Nyinyi? Hotuba ya Langoni kuhusu tumbo na seli za masti

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi baada ya alasiri hapa Amu, yaani mji wa Lamu, upande wa Langoni. Naiweka nzima sababu watu wa Faza na Siyu hawakuvuka, kusi ilikuwa kali na hakuna nahodha mwenye akili aliyetaka kutoka. Nimeiacha vile nilivyosema, ila picha za ukutani nimezitupa, hazina maana bila kidole changu.

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule juu ya ukuta mkijifanya mnapita tu, karibuni mkae vizuri.

Nianze na moto. Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu moto ulishika paa la makuti, na nyinyi mnajua makuti na upepo wa huku, cheche moja inaruka nyumba tatu. Basi wanaume wakapanda na mapanga na mashoka, wakavuta makuti ya nyumba mbili ambazo hazijawaka bado, wakayatupa chini ili moto ukose pa kwenda, wengine wakapanga mstari mpaka ufukweni kupokezana ndoo za maji ya bahari. Moto ukazimwa. Bibi mmoja mwenye nyumba alikuwa shamba, jioni akarudi, akakuta nyumba yake haina jivu hata la kijiko, lakini paa hakuna, kitanda cha samadari kimelowa maji ya chumvi, kabati limevunjwa, kuta zimejaa matope. Akasimama pale mlangoni, mkono kiunoni, akawauliza majirani, "Hivi aliyeniharibia ni moto au ni nyinyi?"

Wakubwa wakacheka, mimi sikucheka, swali lile nilitembea nalo. Na nikaja kulikuta tena miaka mingi baadaye nikiwa klinikal ofisa, kwenye tumbo la mwanadamu. Manake tumbo likiumia sisi sote tunataja moto, "asidi, asidi, daktari nina asidi." Asidi ipo, sikatai. Lakini hebu leo tuulize swali la yule bibi. Ni moto au ni majirani?

Majirani ninaowasema wanaitwa seli za masti. Kijana mmoja wa mashua aliniuliza jana, dokta, masti si ndio mlingoti kwa Kizungu? Hapana mwanangu, hii ni ya Kijerumani, inatokana na kunenepesha. Mwaka 1878 kijana wa miaka 24 anaitwa Paul Ehrlich alikuwa anaandika kazi yake ya udaktari, anapaka rangi za viwandani kwenye vipande vya nyama ya mwili na kuangalia kwa darubini, akaona seli zimejaa punje punje mpaka zinataka kupasuka. Akadhani zimelishwa sana, zimenona. Akaziita hivyo. Alikosea kuhusu kulishwa, zile punje si chakula ni silaha, ila jina likabaki, na yeye akaja kupata tuzo ya Nobel 1908 kwa mambo mengine ya kinga ya mwili.

Sasa seli hizi hazizunguki kwenye damu kama askari wa doria. Zinakaa. Zimejenga. Zinapenda kukaa pale mwili unapokutana na nje, ngozi, mapafu, na ukuta wa ndani wa tumbo na matumbo, ubavuni mwa mishipa ya damu na ubavuni mwa neva. Kwenye zile punje mna histamini, mna heparini ya kuzuia damu kuganda, mna vimeng'enya vya kukata protini, na zikishtuliwa zinamwaga vyote ndani ya dakika chache, kisha zinatengeneza vingine vipya pale pale. Histamini inapanua mishipa midogo na kuifanya ivuje. Vimeng'enya vinalegeza viungio vya seli za ukuta. Na kuna kitu kinaitwa lukotraini, kwenye tumbo kinabana mishipa ya kurudisha damu, damu inaingia haitoki, ukuta unajaa na kuvimba mpaka unakosa hewa. Mapanga, mashoka na ndoo za maji ya chumvi, mnaona?

Na ukuta wenyewe si mnene. Watu wanadhani tumbo ni kama ngozi ya ngoma. Safu inayogusana na chakula ni seli moja tu unene wake, moja, imefunikwa na ute, na kwenye matumbo inabadilishwa yote kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Yaani utumbo uliokula nao mahamri Jumatatu si ule utakaokula nao biriani ya Ijumaa. Ukuta wa namna hii unajirekebisha upesi sana ukiachwa, shida ni ukikosa damu. Ukuta usiofika damu haujengi.

Haya. Niwaambie kuhusu nahodha.

Nahodha huyu simtaji, yupo hapa na anajijua, usicheke. Mgongo ulikuwa unamuuma, na mgongo wa nahodha una haki ya kuuma. Akawa anameza vidonge vya maumivu, leo diklofenaki, kesho brufeni, kichwa kikimgonga anaongeza aspirini, anatafuna miraa usiku kucha chakula hataki, asubuhi kahawa chungu. Miezi. Siku akaja kwangu akiwa mweupe viganja, anapumua kwa kupanda ngazi tatu, namuuliza choo kikoje, anasema cheusi dokta, kama lami ya kuzibia mashua. Nilihisi baridi mimi mwenyewe. Ile ni damu, ndugu zangu, damu iliyopikwa na asidi.

Akaniambia nini? "Lakini mimi nilikuwa nala kwanza." Na siku nyingine alikuwa anaomba sindano, ati sindano haipiti tumboni.

Sikilizeni hapa vizuri sababu hili ndilo lililonifanya nikubali kusimama leo. Hizi dawa zinafanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali zinazoitwa prostaglandini, hilo aligundua John Vane Uingereza mwaka 1971, akapewa Nobel 1982 pamoja na wenzake wawili wa Sweden. Prostaglandini zinaleta maumivu kwenye mgongo, sawa, lakini kwenye tumbo ndizo zinazoagiza ute utengenezwe, ndizo zinazofungulia damu ifike ukutani, na kuna kazi ya tatu watu hawaisemi sana, ndizo zinazowaambia wale majirani, tulieni. Seli za masti zikiguswa na prostaglandini aina ya E2 zinapunguza kumwaga. Sasa wewe umemeza kidonge, umeondoa ute, umepunguza damu, na umemnyamazisha yule mzee wa mtaa aliyekuwa anawazuia vijana wa mapanga. Halafu unashangaa?

Na dawa ikishaingia kwenye damu, iwe ulimeza, iwe ulidungwa, inafika ukuta wa tumbo kwa mlango wa nyuma. Sindano haikwepeshi tumbo. Narudia kwa wale wa nyuma, sindano haikwepeshi tumbo! Kula kwanza kunasaidia ule mchomo wa pale pale, lakini hatari ya kidonda haiondoki kwa sahani ya wali. Kuchanganya aina mbili ndio vibaya zaidi. Kama ni lazima umeze kwa muda mrefu, mwambie daktari, kuna dawa ya kupunguza asidi unapewa pamoja ya kulinda, na kama una miaka mingi au umewahi kutoka damu ndio usicheze kabisa. Parasetamoli kwa kipimo chake haina ugomvi huu mkubwa na tumbo.

Mtaniuliza, umejuaje kama majirani wamehusika, labda ni moto tu? Swali zuri. Miaka ya 1980 watafiti walichukua panya wa kawaida na panya wa aina inayozaliwa karibu bila seli za masti, wote wakamwagiwa pombe kali tumboni. Hili la pombe hapa Langoni tupite haraka, wanaohusika wanajijua. Wote waliumia, maana pombe kali inachoma yenyewe. Lakini wale wasio na seli za masti eneo lao la kuumia lilikuwa dogo. Na ukimpa panya wa kawaida kabla ya pombe dawa inayozituliza seli hizi zisimwage, pia anaumia kidogo. Kwa hiyo jibu la swali la bibi ni nini? Ni moto, NA ni nyinyi. Moto ulianza, majirani wakaupanua uharibifu.

Hata damu ikikatika kwenye utumbo kisha ikarudi, kama kwa mtu aliyejisokota utumbo, sehemu kubwa ya madhara yanakuja damu inaporudi, na kwa wanyama wa maabara seli za masti zimeonekana zikimwaga pale pale. Hilo nalitaja tu.

Mdudu wa tumbo nitampitia upesi, maana mmeshamsikia sana redioni. Helikobakta. Zamani vidonda vyote vilisemwa ni mawazo na pilipili. Daktari wa Australia, Barry Marshall, akisema ni bakteria, wakamcheka, basi mwaka 1984 akamnywa mwenyewe huyo mdudu kwenye glasi, baada ya siku chache anatapika na tumbo limevimba ndani. Yeye na mwenzake Robin Warren wakapata Nobel 2005. Kwenye vipande vya tumbo lenye mdudu huyu seli za masti huonekana zimejazana, nyingi zimeshamwaga. Hapa dawa si kumtuliza jirani, ni kumtoa mdudu, na vidonge vyake ni vingi na vinachosha, mara nyingi wiki mbili, na nyinyi mna tabia mkipata nafuu siku ya nne mnaviweka juu ya kabati kumwekea shemeji. Shemeji ana shida zake, maliza vyako. Na pilipili haina kesi, inachoma palipochubuka tu, haichimbi shimo.

Sasa tukae kidogo na samaki, tuko Amu.

Kulikuwa na harusi, sitasema ya nani, biriani ya kamba. Binti mmoja alikula kijiko viwili, dakika kumi hazijaisha anatapika, tumbo linamkata, midomo imevimba, ngozi imetoka mabaka. Mama mmoja akasema ni kijicho. Wallahi nilimheshimu tu kwa umri wake. Huyu binti mwili wake ulikuwa umeshatengeneza kingamwili dhidi ya protini ya kamba, na kingamwili hizo zinapanda juu ya seli za masti zinakaa pale kama mitego iliyotegwa, wiki, miezi. Kamba akifika mtego unafyatuka na seli zinamwaga kila kitu kwa pamoja. Akiwa amebanwa na kifua hapo hakuna maziwa, hakuna maji ya limau, ni kumkimbiza hospitali adungwe adrenalini, na kama mko ng'ambo ya kisiwa mashua iwashwe saa hiyo hiyo.

Lakini kuna wengine wanafanana naye na si mzio. Jodari au nguru amekaa juani kwenye mashua toka asubuhi, hana barafu, bakteria wanageuza kijenzi kimoja cha protini yake kuwa histamini. Umeelewa? Histamini ile ile ya kwenye punje, sasa imo ndani ya samaki! Unakula, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, unaharisha. Umemwagiwa ndoo bila jirani kuamka. Na kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, hata kumgandisha baadaye hakuiondoi. Ni barafu toka anapotolewa baharini, basi. Wavuvi mliopo hapa mnasikia? Mtu akisema "nimedhurika na jodari wa fulani" msimwambie ana mzio kabla hamjauliza yule jodari alilala wapi.

Nakuja kwenye lile la mwisho kubwa, na hili linanigusa.

Dada yangu aliumwa na tumbo miaka. Kwanza alipata kuharisha vibaya, kukapita, akapona. Baada ya hapo kila akila mkate au maziwa tumbo linamsokota, linajaa, choo leo hivi kesho vile. Akaenda huku, akaenda kule, akapigwa picha, akapitishwa kamera, mahali pamoja wakamwambia, mama, tumbo lako ni zima, haya ni mawazo tu. Mawazo tu! Akarudi nyumbani akalia, si kwa maumivu, kwa kuonekana mwongo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa upande wa waliosema mawazo tu.

Mwaka 2004 watafiti wa Bologna, Italia, waliangalia vipande vya utumbo vya watu kama dada yangu, wale ambao kamera haioni kitu. Wakakuta seli za masti ni nyingi, na zile zilizosogea karibu na neva ndizo zilizoenda sambamba na ukali wa maumivu na mara ngapi yanakuja. Yaani si kidonda, ni jirani aliyehamia mlangoni kwa neva na anaigonga kila saa. Halafu 2021 wengine wa Leuven, Ubelgiji, wakaonyesha kwa panya kitu ambacho niliposoma nilimpigia dada simu usiku. Panya akiambukizwa bakteria wa tumbo huku analishwa protini ya yai, anapona maambukizi, lakini utumbo wake, utumbo tu si mwili mzima, unabaki umeiweka ile protini kwenye orodha ya maadui. Akija kula tena, seli za masti zinaamka, neva zinalia. Na wakawadunga wagonjwa wa namna hiyo kiasi kidogo cha ngano, gluteni, soya na maziwa kwenye ukuta wa utumbo, wakaona panavimba. Dada aliposikia akanyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo sikuwa mwongo." Hapana dada. Hukuwa.

Na hayo "mawazo" yenyewe, yana njia yake. Huko huko Leuven mwaka 2014 watafiti walichukua watu wazima, wenye afya, wakawaambia simameni mtoe hotuba mbele ya watu. Hotuba! Kama mimi sasa hivi, nina jasho mgongoni hamlioni tu. Wakawanywesha sukari za aina mbili, moja utumbo wenye afya hauipitishi vizuri, wakapima mkojo waone imepenya kiasi gani. Waliopatwa na mshtuko wa kweli, homoni zikapanda, utumbo wao ulivuja zaidi. Na walipotangulizwa dawa ya kutuliza seli za masti, haukuvuja. Mnaelewa maana yake? Hofu inatoka kichwani, inatuma homoni, homoni inaamsha jirani, jirani analegeza ukuta. Mtoto wa fomu four anayekimbia chooni asubuhi ya mtihani hajifanyi. Mke ambaye mumewe yuko baharini na upepo umegeuka, tumbo likimkata hajifanyi.

Hiyo dawa ya kutuliza inaitwa kromoglikati na ina hadithi nzuri. Kuna mmea Misri na nchi za jirani unaitwa khella, wazee wa huko waliutumia toka zamani, na daktari mmoja, Roger Altounyan, mzaliwa wa Syria, mwenye pumu yeye mwenyewe, alikuwa anajipa makusudi kitu kinachomletea pumu halafu anajaribu juu ya mwili wake dawa zilizotokana na mmea ule, mpaka 1965 ikapatikana hii. Msikimbilie kuitafuta kwa kemisti, kwa vidonda vya kawaida si hiyo tunayotoa, nasema tu muone kwamba jirani anaweza kuambiwa akatulia.

Kuna kijana amenyoosha mkono. Anauliza, kama seli hizi ni wasumbufu hivi, kwa nini tusiziuwe zote? Aa mwanangu. Nani atazima moto siku ya moto? Mnyoo akiingia utumboni, kule kulegea kwa ukuta na maji kumwagika ndiko kunakomsukuma nje. Panya walionyimwa kimoja tu kati ya vile vimeng'enya vya seli za masti walichelewa kumtoa mnyoo wao. Na seli hizi zimeonekana zikivunja hata sumu ya nyoka. Sisi tuliolelewa pekupeku kwenye mchanga wa Shela na Matondoni hizi zimetufanyia kazi kubwa kabla hata ya vidonge vya minyoo vya shuleni. Yule bibi naye, mnajua, hakuhama mtaa. Majirani wale wale walimsukia makuti mapya, wiki moja paa limerudi.

Naona wanaoenda kutawadha wameanza kuinuka. Haraka basi. Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, kukonda bila sababu, chakula kukwama, maumivu ya ghafla tumbo likawa gumu kama ubao, hayo usisubiri kupambazuke, vuka. Watakaofunga na wana vidonda waje kwangu kabla ya Ramadhani tupange, si siku ya tatu saa kumi ya jioni.

Na kesho asubuhi nitakuwa pale kwenye baraza ya nyumbani. Kila mtu aje na mfuko wake wa dawa, vyote, hata vile visivyo na karatasi, hata vya shemeji. Nahodha ameshaleta vyake, ninavyo hapa mfukoni, nimevihesabu, ni aina nne na tatu kati yake ni kitu kimoja chenye majina tofauti.